Gari Jepesi Lisilokunywa Mafuta: Somo la Maji ya Mubuku kwa Askari wa Kasese

Gari lisilo na mafuta ni chuma tu. Askari hahitaji kufundishwa jambo hilo darasani. Ameliona kambini pale gari zima, lenye magurudumu mazuri na dereva hodari, linapolala chini ya mti kwa siku tatu kwa sababu lori la mafuta halijafika. Ameliona kituoni pia, pale mwananchi anapokuja mbio kuripoti wizi wa ng'ombe, akaambiwa kwamba gari lipo lakini tangi ni kavu. Saa hiyo mwizi hangoji. Na mwananchi yule, akirudi kwake, hasemi kwamba mafuta yamekosekana. Husema kwamba serikali haikuja.

Katika Wilaya ya Kasese, tangu Hima na Karusandara hadi Bwera na Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo, thamani ya dakika inajulikana. Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka na kushambulia Mpondwe. Tarehe 16 Juni 2023 waasi hao waliingia tena usiku, wakaua watu zaidi ya 40 huko Mpondwe-Lhubiriha, wengi wao wanafunzi wa shule. Nchi yenye mpaka wa namna hiyo haina budi kujiuliza kila mara vyombo vyake vya usafiri vinategemea nini, na kinachotegemewa kinatoka wapi.

Makala haya yanahusu jibu moja la swali hilo: kuchukua motokaa ndogo nyepesi, ya kuungwa na mafundi kwa vipande vyake, na kuifanya itembee bila petroli. Si ndoto ya vitabuni. Wanafunzi na walimu wa Uganda wamekwisha kulitenda, na Kasese ina vitu vinavyohitajika kuliko wilaya nyingi za nchi hii.

MAFUTA YANAYOTOKA MBALI

Uganda haina bandari. Petroli na dizeli hupakuliwa pwani, husafirishwa katika nchi za jirani, huvuka mpaka, hupita Kampala, ndipo huanza safari ya magharibi kuelekea milima ya Rwenzori. Kila lita inayofika Karusandara imekwisha kutembea zaidi ya kilomita 1,000 juu ya nchi kavu. Mahali popote katika njia hiyo pakifungwa, mwisho wa njia ndio unaoumia kwanza.

Historia imelishuhudia hilo mara kadhaa. Mwaka 1976, uhusiano baina ya Uganda na Kenya ulipoharibika, mafuta yalizuiwa njiani na magari ya Kampala yakasimama. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara, na reli iling'olewa Kibera. Petroli ikaadimika Uganda na bei ikaruka. Januari 2022 madereva wa malori walikwama Malaba na Busia kwa mgogoro wa vipimo vya korona, na hali ikajirudia. Mara zote tatu hapakuwa na vita dhidi ya Uganda. Lilikuwa jambo la jirani, nasi tukakosa mafuta.

Ni kweli kwamba mafuta yamegunduliwa katika Bonde la Ziwa Albert tangu mwaka 2006. Lakini mafuta yaliyo ardhini siyo petroli iliyo tangini. Na hata siku petroli ya Uganda itakapouzwa, bado itabebwa kwa lori hadi Bwera.

WAZO HILI SI GENI

Watu wamejaribu kuikwepa petroli tangu zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, petroli ilipotengwa kwa ajili ya majeshi, mamia ya maelfu ya magari ya Ulaya yalifungiwa matanuri ya kuchoma kuni au makaa kwa hewa kidogo. Moshi unaotoka humo una gesi inayowaka. Huchujwa, hupozwa, na kupelekwa katika injini ileile ya petroli. Kilo 3 hivi za kuni kavu huweza kufanya kazi ya lita moja ya petroli. Lakini nguvu ya injini hupungua kwa theluthi moja au zaidi, dereva hutumia muda mwingi asubuhi kuwasha na kusafisha tanuri, na gesi yenyewe ina sumu ya kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Zaidi ya hayo, milima ya Rwenzori imekwisha kukatwa miti ya kutosha. Kuilisha kwa magari ingekuwa ni kuzima moto mmoja kwa kuwasha mwingine.

Njia ya pili ni spiriti inayotokana na molasi ya miwa. Kenya ilianza kuichanganya na petroli katika miaka ya 1980, spiriti hiyo ikitengenezwa Muhoroni, na Malawi ilianza mwaka 1982. Injini ya petroli yaweza kubadilishwa itumie spiriti: matundu ya kabureta hupanuliwa, kwa kuwa spiriti huhitaji hewa kidogo zaidi kwa kila kipimo, mipira na mabomba yanayoliwa na spiriti hubadilishwa, na majira ya cheche hurekebishwa. Lita moja ya spiriti ina theluthi mbili tu ya nguvu iliyomo katika lita ya petroli, kwa hiyo tangi huisha upesi zaidi. Wala asidhani mtu kwamba atamimina waragi ya dukani akaondoka. Waragi ina maji zaidi ya nusu yake, na injini haileweki kwa maji. Huzimika.

Mwaka 2020 Uganda ilitunga sheria ya nishati itokanayo na mimea, nayo ni hatua njema. Lakini spiriti ya viwandani hutoka kwenye viwanda vikubwa vya sukari, na kutoka huko hadi Karusandara ni safari ileile ya lori. Inabaki njia ya tatu, ambayo kwa Kasese ni ya karibu kuliko zote: umeme.

KIIRA, MTOTO WA MAKERERE

Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walishirikiana na wenzao wa vyuo vingi vya dunia katika mradi ulioongozwa na chuo cha MIT cha Marekani, wa kubuni gari la viti 5 lililoitwa Vision 200. Waliporudi nyumbani hawakukaa kusimulia. Chini ya uongozi wa Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi, walianza kuunda gari lao wenyewe.

Gari hilo, Kiira EV, lilikuwa dogo, lenye viti 2, na liliendeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 2011. Siku ya tarehe 24 ya mwezi huohuo lilizinduliwa rasmi na Rais Museveni hapo Makerere. Halikuwa na injini ya petroli hata kidogo. Lilikuwa na betri za lithiamu, na lilikadiriwa kwenda kilomita 80 hivi kabla ya kuhitaji kuchajiwa tena. Baadhi ya sehemu zake ziliagizwa kutoka nje, lakini ubunifu na uungaji ulikuwa wa vijana wa hapahapa. Mwaka 2014 likafuata Kiira EV Smack, la viti 5, linalotumia umeme na petroli kwa pamoja. Februari 2016 likaonyeshwa Namboole basi la Kayoola Solar, la abiria 35, lenye paneli za jua juu ya paa.

Wako waliocheka. Walisema gari moja halifanyi kiwanda, na kwamba watu wenye njaa hawahitaji magari ya maonyesho. Hoja hiyo ina uzito wake, na Afrika Mashariki ina mfano wake. Kenya ilitoa magari ya Nyayo Pioneer mwaka 1990, yaliyoundwa kwa agizo la Rais Moi la mwaka 1986. Yalikwenda vizuri barabarani, lakini fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana, na mradi ukafa. Tofauti ya Kiira ni kwamba haukuishia kwenye maonyesho. Na aliyeusaidia kuvuka hapo, jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalipenda, ni jeshi.

MKONO WA JESHI

Mabasi ya umeme ya Kayoola EVS, yaliyofuata lile la jua, yaliungwa Nakasongola katika kiwanda cha Luwero Industries, ambacho ni mali ya shirika la uchumi la jeshi, NEC. Shirika hilohilo ndilo lililopewa kazi ya kujenga kiwanda cha Kiira Motors huko Jinja, kazi iliyoanza mwaka 2019. Kiwanda kilichojulikana kwa risasi kikageuka kuwa mahali ambapo kijana wa Uganda hujifunza kuunganisha betri, mota na bodi ya basi.

Hili nalo lina ndugu yake katika eneo letu. Jeshi la Tanzania lilianzisha kituo cha ufundi wa magari huko Kibaha, ambako katika miaka ya 1980 liliundwa lori la Nyumbu. Fikra ilikuwa ni moja: jeshi lisiloweza kutengeneza chombo chake litakipigia magoti chombo hicho siku kitakapoharibika. Karakana ya kambi, ikiwa na mashine ya kuchomea, tezo, vipimo na vijana wenye nidhamu, ni shule ya ufundi ambayo vijiji vingi havina.

Jirani zetu wa Nairobi nao wameonyesha njia nyingine. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo sasa huitwa Roam, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli kutoka katika magari ya watalii ya Land Cruiser na Land Rover, na kuweka mota za umeme mahali pake. Ndani ya mbuga gari hilo hutembea kimya, na mnyama hakimbii. Askari wa doria ataielewa faida hiyo bila kuelezwa.

KARUSANDARA: UMEME UPO MLANGONI

Karusandara ni nchi ya tambarare chini ya Rwenzori, ikiteremkia upande wa Ziwa George. Ni nchi ya joto, ya mahindi na pamba, ya ng'ombe wa Wasongora na mashamba ya Wakonzo na majirani zao. Barabara zake za ndani ni za udongo lakini hazina milima mikali. Kwa gari jepesi la umeme, tambarare ni rafiki; mlima ndio hula betri.

Tena, umeme wake hautoki mbali. Mto Mubuku, unaoteremka kutoka kwenye theluji ya Rwenzori, unazungusha mitambo mitatu ya umeme. Wa kwanza, wa megawati 5, ulijengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Wa pili, ule wa Bugoye, wa megawati 13, ulianza kazi mwaka 2009. Wa tatu, wa megawati 10 hivi, ulijengwa kwa ajili ya kiwanda cha kobalti cha Kasese. Mto Nyamwamba nao umefungwa mtambo wake wa megawati 9 na kitu, tangu mwaka 2018. Kwa maneno mengine, maji yanayopita mbele ya macho ya mtu wa Kasese yanaweza kuchaji gari lake, wakati petroli ya gari hilohilo hutoka ng'ambo ya bahari.

KAZI YENYEWE

Sasa na tuingie karakanani. Chukua gari dogo la kuungwa, lenye fremu ya mabomba ya chuma na bodi nyepesi, uzito wake ukiwa kilo 700 pamoja na betri. Fundi huanza kwa kuondoa: injini, tangi, bomba la moshi, rejeta. Giaboksi huweza kubaki. Kisha hutengenezwa bamba nene la chuma au aluminiamu la kuunganisha mota na giaboksi. Bamba hili ndilo jaribio la ufundi. Likipinda hata kwa kiasi cha unywele, fimbo itatetemeka na beringi zitakufa mapema.

Mota ya kilowati 15, yaani nguvu za farasi 20 hivi, yatosha kwa gari la uzito huo. Baina ya betri na mota huwekwa kidhibiti, chombo kinachopima umeme kwa kufuata mguu wa dereva. Huwekwa pia fyuzi kubwa, swichi ya kukata umeme wote kwa dharura, na chombo cha kulinda kila seli ya betri isijazwe wala kumalizwa kupita kiasi. Fundi mchanga aghalabu husahau breki. Katika magari mengi breki husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini. Injini ikiondoka, msaada huo huondoka nao, na kanyagio huwa gumu kama jiwe. Hapana budi kuweka pampu ndogo ya umeme ya kufanya kazi hiyo, kabla gari halijagusa barabara.

Jambo la mwisho ni mgawanyo wa uzito. Betri ziwekwe chini na katikati, zifungwe kwa mikanda ya chuma, wala zisirundikwe nyuma kama mizigo ya basi la soko. Gari jepesi lenye uzito mahali pabaya hupinduka kwenye kona ya kwanza.

HESABU YA ASKARI

Nambari zina ukweli wake. Lita moja ya petroli ina nguvu ya kilowati-saa 9 hivi. Lakini injini ndogo hugeuza robo tu ya nguvu hiyo, au pungufu yake, kuwa mwendo. Iliyobaki huwa joto na moshi. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo gari ambalo lingekunywa lita 6 kwa kilomita 100, ambazo ni kilowati-saa 54, laweza kwenda mwendo uleule kwa kilowati-saa 12 tu za umeme.

Tuseme betri ni ya kilowati-saa 10, na kwamba tunatumia 8 ili isichoke upesi. Gari litakwenda kilomita 65 hivi. Hiyo yatosha kwa doria ya siku nzima ya kata moja, kumpeleka mgonjwa zahanati na kurudi, au kupeleka chakula kwenye vituo vidogo. Kwa soketi ya kawaida ya ukutani, betri hiyo itajaa tena kwa saa 5 hivi, yaani usiku mmoja.

Na umeme wa gridi ukikatika? Paneli za jua za kilowati 2, zenye eneo la mita za mraba 10 hivi, huweza kutoa kilowati-saa 8 kwa siku yenye jua zuri. Hilo ni paa la chumba kidogo cha kituo. Asidanganywe mtu na picha za magari yenye paneli juu yake: paa la gari dogo halina nafasi ya kutosha, nalo litampa mwenyewe kilomita 13 hivi kwa siku. Paneli ikae kituoni. Gari liende kazini.

Uchaguzi wa betri ndio huamua kila kitu. Betri za kawaida za risasi ni za bei nafuu na hupatikana Kasese mjini, lakini kwa kazi hii zingehitajika kilo 450 hivi, kwa kuwa hazifai kutumiwa zaidi ya nusu yake. Gari la kilo 700 haliwezi kubeba mzigo huo na askari juu yake. Betri za lithiamu zenye fosfati ya chuma zitafanya kazi hiyohiyo kwa kilo 100. Bei yake ni kubwa siku ya kununua, lakini huweza kuchajiwa maelfu ya mara, na huvumilia joto la tambarare kuliko aina nyingine za lithiamu.

KOBALTI ILIYOTUPITA MIKONONI

Hapa Kasese ina jambo la kujifunza kwa uchungu kidogo. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Shaba ilisafirishwa kwa gari moshi hadi Jinja kuyeyushwa. Kilichobaki, mawe yenye salfa na kobalti, kilirundikwa Kasese kwa miongo mingi, kikawa kilima cha rangi ya kutu kilichotiririsha sumu kwenye ardhi ya malisho na kuelekea mbuga ya Queen Elizabeth. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kilianza kazi. Kilitumia vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula salfa na chuma, kuyavunja mawe hayo na kuiachilia kobalti ndani ya maji. Kilima cha takataka kikawa mali. Kobalti ya Kasese iliuzwa duniani kwa miaka zaidi ya 10, hadi rundo lilipomalizika na kiwanda kikafungwa. Baada ya hapo tu ndipo dunia ilipoanza kugombania kobalti kwa ajili ya betri za magari. Ng'ambo ya mpaka, katika Kongo, madini hayo yameleta utajiri kwa wachache na mashimo yanayoua watoto kwa wengine.

Je, tulie kwa kuwa kobalti imekwenda? La. Betri za fosfati ya chuma, zile tulizozisifu hapo juu, hazina kobalti hata chembe. Fundi amegundua njia ya kuikwepa kobalti kama askari wetu anavyotaka kuikwepa petroli. Anayeuza jiwe tu hubaki akingoja mnunuzi abadilishe nia. Mwenye ujuzi huhama na wakati. Laiti katika miaka ile 10 pangeachwa Kasese karakana moja ya betri, leo pangekuwa na mafundi, hata kama mawe yamekwisha.

HATARI ZA KUJUA

Umeme una adabu zake. Betri za gari la namna hii zikiunganishwa huwa na volti 72, 96 au zaidi. Umeme wa betri unaozidi volti 60 huweza kuua, nao hauna sauti ya kuonya. Fundi avae glavu za mpira, avue pete na saa, na asifanye kazi peke yake.

Moto wa betri ya lithiamu hauzimwi kwa ndoo moja ya mchanga. Huweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, na huhitaji maji mengi ya kuipoza betri, huku watu wakikaa mbali na moshi wake. Gari lisichajiwe karibu na ghala la silaha wala bweni.

Maji nayo ni adui. Tambarare za Kasese huyajua mafuriko. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika na kubomoa sehemu za Kilembe, hospitali ikiwamo, na Mei 2020 mito ya Rwenzori ilirudia. Sanduku la betri lizibwe vema na liinuliwe, na dereva asivuke mto asioujua kina chake kwa kujivunia kwamba gari halina bomba la moshi la kuingiza maji.

Kwa askari wa usalama barabarani kuna la ziada. Kadi ya gari huonyesha namba ya injini. Gari lililong'olewa injini halina namba hiyo, na mwizi aweza kujificha nyuma ya neno «umeme». Mwenye gari la namna hii apeleke taarifa kwa wasajili na gari likaguliwe kabla ya kuingia barabarani. Na askari ajifunze kutambua lililo halali, asije akamnyanyasa fundi mwaminifu kwa sababu tu hajawahi kuona gari la aina hiyo.

LINAFAA WAPI, HALIFAI WAPI

Pasitokee mtu akasema makala haya yanataka vifaru viende kwa betri. Gari jepesi la umeme halifai kukokota mizinga, wala kumfuata adui siku tatu mlimani Rwenzori, wala kupanda mara kwa mara miinuko ya Bwera likiwa limejaa watu. Kazi hizo bado ni za dizeli. Lakini hesabuni safari za kambi au kituo kwa mwezi mmoja: kuchota maji, kupeleka barua, kubadilisha zamu, kumleta shahidi, kuzunguka soko usiku. Nyingi kati yake hazizidi kilomita 40 kwa siku. Kila safari ya namna hiyo inayofanywa kwa maji ya Mubuku huacha lita kadhaa za dizeli zikingoja siku ya hatari. Hiyo ndiyo akiba ya kweli: umeme hauji kuifukuza dizeli, unakuja kuilinda.

Liko pia jambo la theluji. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika karibu kilomita za mraba 7. Mwaka 2003 haikufika hata 1. Sisi hatukuichoma peke yetu, wala magari machache ya Kasese hayatairudisha. Lakini mito inayozungusha mitambo yetu huteremka kutoka katika milima hiyo, na aliye chini ya mlima ana haki ya kuwa wa kwanza kuheshimu kilicho juu yake.

Wahenga walisema, mtegemea cha ndugu hufa masikini. Tumetegemea bandari za watu, malori ya watu na amani ya barabara za watu. Kijana wa Makerere alionyesha mwaka 2011 kwamba gari laweza kuundwa; jeshi likaonyesha Nakasongola kwamba laweza kuungwa kwa mpango. Inayosalia ni hatua ndogo kuliko hizo mbili: karakana moja katika tambarare za Kasese, gari moja bovu ambalo injini yake imekufa, mafundi watatu wa jeshi na polisi waliotumwa kujifunza, na daftari la kuandika kila kilomita na kila kilowati-saa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litasema lenyewe kama gari linafaa au halifai, na kamanda atakuwa na hesabu ya kuamulia.